Nilionja Mara Moja

Harufu ya mihogo iliyolowekwa haimbembelezi mtu. Mgeni akipita karibu na dimbwi la kulowekea huziba pua na kutema mate. Sisi tuliokulia Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, tunaipokea kama jirani wa siku nyingi, ile harufu chachu, yenye kitu cha ngozi mbichi na kitu cha pombe, na tumbo linaitikia kwa njaa. Juzi mpangaji wa nyumba ya pili alimwaga maji ya mihogo yake kwenye mfereji unaopita nyuma ya jiko langu, na mimi, bibi mwenye wajukuu, nikajikuta nimeficha mikono kwapani. Miaka mingi sikuwa nimefanya hivyo. Mjukuu wangu, ambaye anasomea uuguzi, akaniuliza kulikoni, nikamsimulia. Alipokwisha kusikiliza akasema ugonjwa ule una jina, na kwamba siku hizi mgonjwa huketi na mshauri akafundishwa namna ya kuishi nao. Nikamwambia kwamba mimi niliketi na mshauri kabla mama yake hajazaliwa.

Ninaandika haya kwa wenzangu wa rika langu, kwa sababu nawasikia wakisema kwamba magonjwa ya mawazo yameletwa na vita na mambo ya kisasa. Si kweli. Tulikuwa nayo enzi za Wabelgiji, tulipokuwa tunalima pamba ya lazima na kumkimbia monitere, yule msimamizi wa kilimo wa serikali. Tofauti ni kwamba aliyekuwa nayo wakati ule aliitwa mlozi. Mimi niliitwa hivyo nikiwa msichana mdogo ambaye kifua chake hakijaota. Sikukubali wakati ule, na mpaka leo sikubali.

Baba yetu alivua ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na ziwa likamchukua upande wa rasi ya Ubwari, ng'ambo ya maji. Mama akabaki na shamba la mihogo, kipande cha pamba ya serikali, na sisi watatu: mimi Apolina, mdogo wangu Asende, na Feza aliyekuwa angali anabebwa mgongoni. Kisha msimu mmoja wa mvua homa ikamlaza mama, na hakuinuka. Mimi nilikuwa shule ya misheni, napenda hesabu na kushona. Hakuna aliyeniambia niache. Niliamka asubuhi moja nikaona moto umezimika na Feza analia njaa, nikajua kwamba darasa langu limekwisha.

Watu wa ukoo waliamua tukae katika nyumba ya mama kwa muda. Wenye sauti juu yetu walikuwa wawili. Wa kwanza ni Shangazi Veneranda, dada ya baba, aliyeolewa Mboko, mwanamke mwenye kifua kipana na maneno mapana zaidi. Wa pili ni Mujomba Ebuela, kaka ya mama, mvuvi wa Ubwari ambaye alikuja kwetu kwa mtumbwi na ambaye alikula zaidi ya alivyosema.

Mihogo yetu ilikuwa michungu, kama mihogo mingi ya kule. Mnajua kazi yake. Unang'oa, unamenya, unaloweka mpaka ilainike na kunuka, unatoa nyuzi, unaanika, unatwanga, unachekecha. Ukiharakisha kuloweka, uchungu unabaki, na uchungu ule si wa ulimi tu. Mwaka ule aliokufa mama ulikuwa wa njaa, na jirani yetu mmoja aliwapa watoto wake mihogo kabla haijaiva majini, kwa sababu walikuwa wanalia. Walitapika wote. Mdogo alikufa kabla ya kufikishwa dispansari.

Siku chache baadaye nilikuwa dimbwini na wanawake. Walikuwa wanaongea juu ya msiba ule huku wanabonyeza mihogo yao kuona kama imelainika.

"Mama yake njo alimuua," mmoja akasema. "Kwa mukono wake yeye mwenyewe."

"Mukono wa mama!" mwingine akajibu, akapiga ulimi.

Walikuwa wanamlilia mwenzao. Mimi sikusikia kilio. Nilisikia kwamba uchungu wa mihogo huingia kwenye mkono wa yule anayeimenya, ukakaa humo, na kwamba mkono huo ukimshika mtoto unaweza kumuua. Niliitazama mikono yangu ndani ya yale maji meupe. Ilikuwa imekunjamana vidoleni kama ya bibi kizee. Nikaona kweli kwamba kitu kimeingia.

Nilianza kwa kuosha mikono kwa maji ya ziwa. Kisha kwa majivu. Kisha kwa majivu na mchanga. Nikimaliza, wazo linauliza: una hakika? Na mimi nilikuwa sina hakika, kwa hiyo narudi. Nikiloweka mihogo naiacha mpaka inaoza, namwaga, naanza upya. Nikitwanga unga, nauonja kwa ulimi, nautema, nauonja tena. Nikimaliza kuonja najiuliza kama upande ule wa kinu niliuonja. Ikawa jua linazama na sufuria haijapanda motoni, na watoto wamekaa mlangoni wananitazama. Walikuwa na njaa katika nyumba yenye mihogo. Ngozi ya mikono yangu ilipasuka, na damu ikitoka nilifurahi kidogo, nikidhani uchungu nao unatoka.

Asende alikuwa na mdomo. "Yaya," alisema siku moja, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "jirani alipatia batoto bake mihogo mapema, mumoja akakufa. We unatupa kuchelewa, tutakufa pia. Afazali tukufe tumeshiba."

Nilimpiga. Kisha nikaenda kuosha mkono uliompiga, kwa kuogopa kwamba umemgusa.

Kwetu anayepika huonja mbele ya wageni. Anapiga magoti, anamega bugali kidogo, anachovya katika sombe, yaani kisamvu, anakula huku wanamtazama. Hapo ndipo wao hunawa na kuanza. Hakuna anayesema kwa nini, lakini kila mtu anajua: aliyetia kitu ndani hawezi kula. Na kuna jambo jingine ambalo halifanywi kabisa. Chakula kikishawekwa mbele ya wageni, mpishi hakirudishi jikoni. Kukirudisha ni kama kusema kwamba kilikuwa kimekusudiwa mtu fulani, na asiyekusudiwa yuko karibu kukila.

Siku ya kumaliza matanga ya mama, ukoo wote ulikaa uani. Nilileta bugali, nikaonja. Wazo likaniambia kwamba sehemu ya chini ni ya unga ambao sikuuonja. Nikasema, "Munisamehe," nikainua sahani, nikairudisha jikoni. Nikapika nyingine. Nikaileta, nikaonja, nikairudisha hiyo nayo. Nikarudi uani mara nyingine. Mzee mmoja wa ukoo alikuwa amenawa mikono bila kula, akaondoka. Shangazi Veneranda alikuwa amesimama.

"Muangalie mikono yake," akasema. "Muntu mwenye anaosha mikono namna ile, iko anaficha nini? Baba yake alikufa. Mama yake alikufa. Sasa anatuletea bugali, anarudisha, anatuletea, anarudisha. Anamutafuta nani?"

Nilikuwa naogopa kuwaua, na wao wakadhani nataka kuwaua. Sikuwa na neno la kuwaeleza. Hata mimi mwenyewe nilifikiri huenda anasema kweli.

Shangazi akapanga mambo palepale. Mwisho wa kiangazi ukoo ungekutana tena. Asende angechukuliwa na Mujomba, avuke kwenda Ubwari akajifunze nyavu. Feza angekwenda Mboko kwake. Mimi ningepelekwa milimani, juu ya Fizi, kwa mganga aliyejua kutoa vitu mwilini mwa watu. "Kisha tutaona," akasema, na kila mtu alijua kwamba hapakuwa na cha kuona baada ya hapo. Mujomba alikuwa anatafuna kipande cha samaki alichobaki nacho. Alisema tu, "Basi, mwisho wa kiangazi."

Mama alipokuwa anakufa hakunipa wosia wowote, alikuwa anaweweseka. Lakini nilikuwa nimejiapia mwenyewe kwamba sisi watatu tutalala chini ya paa moja. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo. Na niliona wazi kwamba atakayetutenganisha si Shangazi. Ni mikono yangu.

Nilikimbilia kitubio. Kila Jumamosi nilipanga mstari kanisani, nikatubu kwamba nina uchungu mikononi. Padri mzungu, mzee mwenye ndevu, alinisamehe haraka haraka. Nikatoka, nikajiuliza kama nilitubu vizuri, nikarudi mwisho wa mstari. Mwishowe akanifukuza mbele za watu, akisema nachezea sakramenti. Nikaenda kuosha mikono.

Kisha akaja abe. Ndivyo tulivyowaita mapadri weusi, na huyu alikuwa wa kwanza kukaa Baraka. Alitoka Fizi na baiskeli, jina lake Stanislasi, kijana mwembamba mwenye kicheko kikubwa. Watu walinong'ona juu yake. "Huyu naye anakula sombe kama miye," walisema, "atanisamehe nini?" Mimi nilimwendea kwa sababu hakuwa amenichoka bado.

"Baba, nimeua," nikasema kwenye dirisha la kitubio.

"Umeua nani?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado hawajafa."

Nikamweleza juu ya mikono yangu na kuosha, nikasikia pumzi yake. Nilidhani anacheka, kumbe alikuwa anasogea karibu. Akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Je, ukiosha unapata raha? Inakaa muda gani? Ikiondoka, wazo linarudi na sauti ileile? Nilijibu yote, maana yalikuwa maswali ya mtu aliyewahi kuingia ndani ya kile chumba.

"Toka humo," akasema. "Hili siwezi kulisamehe, kwa sababu hujalifanya. Nenda pale wanapopiga matofali, uningoje. Tutaongea kama watu."

Misheni ilikuwa inajenga madarasa, na abe alikuwa anasimamia matofali. Tuliongea pale, mbele ya wafanyakazi wote, yeye kakunja mikono ya kanzu na udongo mpaka viwiko. Nilikwenda Jumamosi nyingi. Aliniambia kwamba alipokuwa seminarini alikuwa anasoma sala zake, akifika mwisho anahofu kwamba ameruka neno, anarudi mwanzo. Wenzake walikuwa wanakula, yeye anasoma. Wamelala, yeye anasoma. Mwalimu mmoja mzee akamkataza kurudia, hata kama ameruka ukurasa mzima. "Nilimchukia yule mzee," abe akasema. "Nilidhani ananipeleka motoni. Bado neno linakuja mpaka leo. Leo asubuhi lilikuja. Linaongea, nami nazidi kwenda mbele."

"Mimi si neno," nikamwambia. "Mimi ni sumu. Niapie kwamba mikono yangu haina sumu."

"Sitakuapia."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu kukuapia."

Niliinuka nikaondoka bila kuaga. Wenzangu, hebu fikirini. Mtoto anamwomba padri aape jambo moja dogo, padri anakataa. Nilielewa nini? Nilielewa kwamba ameiona sumu, na kwamba hawezi kuapa uongo. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimehukumiwa. Nilikaa mlangoni, nikakataa hata kumshika Feza aliyekuwa ananivuta nguo.

Lakini nina kichwa kigumu, na hasira ilinikaa kuliko woga. Asubuhi niliamka nikapika. Nilichukua siku nzima, nikaosha na kuonja na kuosha. Nikafunga bugali katika majani ya ndizi, nikaubeba mpaka kwenye matofali, nikautupa mbele yake.

"Kama mikono yangu haina kitu, kula."

Akaunusa. "Mihogo hii umeiosha mara ngapi?"

"Sijui. Sana."

"Basi siwezi kula. Niletee uliyoosha mara moja."

Nikamtazama. Wafanyakazi wa matofali walikuwa wameacha kazi, mmoja akasema, "Abe, miye nitakula," naye akamwambia arudi kwenye tope lake.

"Sikiliza, Apolina," akasema. "Nikikuapia leo, kiapo kitakaa mpaka jioni. Kesho utakuja kutafuta kingine. Mimi nitakuwa maji yako ya kunawia. Hakuna mtu duniani mwenye hakika unayoitaka, hata mama aliyekuzaa hakuwa nayo. Alipika hivyohivyo, bila hakika, na mkala. Loweka kama wanawake wengine wanavyoloweka. Osha mara moja. Onja mara moja. Wazo litakuja kupiga kelele. Usibishane nalo, usilijibu, usilibembeleze. Liache lipige kelele mpaka lichoke, na wewe songa ugali."

"Na wakifa?"

"Basi watakufa na mimi, kwa maana nitakula nao."

Sijui kama yuko mtu aliyewahi kuosha muhogo mara moja huku jasho linamtoka mgongoni. Mimi nimeosha. Nilimwaga yale maji mbali ili nisiweze kuyarudia. Mikono ilikuwa inataka kwenda mtungini yenyewe, nikaikalia. Nilisikia kelele zote: Feza ataanza kutapika, Asende atageuza macho, utawazika wewe. Nilitaka kumwuliza Asende, "Unauonaje, hauna uchungu?" Abe alikuwa amenikataza hilo pia. Alikuwa amemwita Asende pembeni, akamwambia kwamba nikiuliza asinijibu. Asende alifurahi sana kupewa kazi ya kutonijibu.

"Asende, iko na uchungu?"

"Mi sijui."

"Umekula, unasemaje hujui?"

"Yaya, pengine kesho tutakufa bote. Leo ongeza sombe."

Nilimpelekea abe bugali uleule. Alikula mbele yangu, wote, akalamba vidole. Nilikaa nikimkodolea macho, nikitafuta pa kwanza atakapobadilika rangi.

"Usinitazame hivyo, nitapaliwa," akasema. "Nenda nyumbani."

"Nataka kuona kwanza."

"Najua. Ukikaa kuona kama nitakufa, umeosha tena, ila kwa macho. Nenda."

Nilikwenda. Njia yote nilitaka kugeuka. Asubuhi kengele ya misheni, ambayo abe ndiye aliyeipiga kila siku, ikalia, na wazo, ambalo halikosi jibu, likaniambia kwamba hata mtu mwingine anaweza kuipiga. Sikwenda kuangalia. Nilikaa na kutojua kama mtu anavyokaa na mgeni mkorofi nyumbani, na kufikia jioni nikagundua kwamba nimemwogesha Feza, nimechoma samaki, na watoto wamekula jua lingali juu.

Sikupona ghafla. Kuna siku nilianguka, nikaosha mpaka ngozi ikafunguka upya, na asubuhi yake nikaenda kwenye matofali nikilia. Abe hakunigombeza wala hakunisifu. Aliniuliza, "Leo je?" Nikasema, "Leo bado sijaosha." Akasema, "Basi tuko leo." Ndio ushauri wote. Ndani yake hamkuwa na dawa wala maji ya baraka. Lakini mikono yangu ilianza kufunga vidonda, na majirani wakaanza kuniazima kinu tena.

Mwisho wa kiangazi ukafika. Shangazi alikuja kutoka Mboko na kapu la kubebea vitu vya Feza. Mujomba alivuka kutoka Ubwari, akavuta mtumbwi mchangani. Asende alikuwa amefunga nguo zake katika kitambaa tangu alfajiri, akaketi juu yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na utani. Wazee wengine wa ukoo walikaa ukutani. Abe hakuwepo. Nilikuwa nimemwomba aje, akasema hapana, bugali ule ulikuwa wa kwangu mimi peke yangu.

Nilipika bugali wa unga ulioonjwa mara moja. Sombe kwa mawese, na mikeke, wale samaki wa ziwa letu. Niliweka mbele yao, nikapiga magoti, nikamega, nikachovya, nikala. Kila mtu alitazama koo langu likimeza. Nikaketi nyuma, nikaweka mikono mapajani.

Mujomba akasogeza maji ya kunawa. Shangazi akanyoosha mkono akamzuia.

"Onja tena," akaniambia.

"Nilishaonja, Shangazi."

"Onja ya chini. Ile ya juu kila muntu anaweza kula."

Ninyi mliowahi kuwa na wazo la namna hii mtaelewa. Wazo langu lilikuwa limesema neno lilelile, wakati uleule, kwa sauti yake yote: ya chini, ya chini, ya chini hukuionja. Kwa mara ya kwanza lilikuwa limepata mdomo wa nje, mdomo wenye meno na kilemba. Nikionja ya chini, Shangazi ataridhika, na watoto huenda watabaki. Lakini niliijua njia hiyo. Nilijua kwamba baada ya ya chini kutakuwa na ya katikati, na baada ya bugali kutakuwa na sombe, na sahani itarudi jikoni, na mimi nitarudi mtungini, na sitatoka humo tena maishani mwangu. Nisipoonja, wataniita mlozi na kuchukua wadogo zangu saa hiyohiyo. Vidole vilianza kuondoka pajani. Nikavikunja.

"Hapana," nikasema.

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana, Shangazi. Mupishi anaonja mara moja. Mama alionja mara moja, na we ulikula kwake miaka yote, hukumuambia aonje ya chini. Na mi naonja mara moja. Mwenye anaogopa, asikule."

Sauti yangu ilifika mpaka ukutani. Mtoto kumwambia shangazi yake hivyo mbele ya wazee! Mmoja wao alishika kichwa.

"Mumesikia," Shangazi akasema, akiwageukia wazee. "Anakataa kuonja. Mumesikia na masikio yenu."

Bugali ulikuwa unatoa mvuke. Sikugusa sahani. Sikuirudisha. Hilo ndilo nililoweza kufanya: kuiacha pale mbele yao, ikae.

Mujomba Ebuela alitazama sahani, akanitazama mimi, akatazama mikono yangu iliyokuwa na makovu. Akanawa.

"Mi nilipiga kasia tangu mapema," akasema. "Kama ni kufa, nikufe nimeshiba." Akamega kutoka chini kabisa, donge kubwa kama ngumi, akachovya, akatia mdomoni. Tulimtazama wote. Akatafuna polepole kwa makusudi, mwanaume yule, akijua tunamtazama. Akameza. "Sombe iko na chumvi kidogo," akasema. "Asende, leta chumvi."

Asende aliinuka juu ya kitambaa chake akakimbia. Mzee mmoja akacheka, mwingine akasogea, wakaanza kunawa mmoja mmoja.

"Ebuela!" Shangazi akapaza sauti. "Tulisema leo tunagawa hawa batoto!"

"Tulisema," Mujomba akajibu mdomo ukiwa umejaa. "Lakini mutoto mwenye anaweza kukukatalia we, Veneranda, atashindwa kulea nani? Mi miaka yote sijaweza. Baache hapa. Nitakuwa naleta samaki."

"Na mukono wake?"

"Mukono wake unapika vizuri. Keti, ukule."

Hakuketi. Alichukua kapu lake likiwa tupu, akashika barabara ya Mboko bila hata kunywa maji. Aliishi miaka mingi baadaye, na hakuwahi kula nyumbani kwangu, hata siku ya harusi ya Feza. Nilimwandalia sahani kila mara, nikaionja mara moja, nikaiweka mbele yake. Kula au kuacha ilikuwa kazi yake. Sikumwendea kumsihi aamini kwamba mimi si mlozi, kama ambavyo sikulisihi wazo. Wazo nalo halikuondoka kabisa. Limenifuata kwenye uzazi wangu, kwenye ukimbizi, kwenye vyungu vyote nilivyopikia watu. Mjukuu wangu anasema siku hizi kuna vidonge vya kulipunguza, na akinipa nitameza, sina kiburi cha kukataa dawa. Ninachokataa ni kulitii.

Jioni ile tulimsindikiza Mujomba mpaka majini, kama adabu inavyotaka. Alikuwa ameshiba mpaka anapumua kwa shida. Alisukuma mtumbwi, akaingia, akakaa, akashika tumbo. Wazo likaruka mara moja: ameshika tumbo, imeanza, atafia katikati ya ziwa na hakuna atakayejua. Nilihisi miguu yangu ikitaka kuota mizizi pale mchangani mpaka mtumbwi ufike ng'ambo. Kasia likapiga maji. Nikamchukua Feza mgongoni, nikageuka.

"Yaya, hutazami afike?" Asende akauliza.

"Tuna mihogo ya kumenya," nikamwambia. "Beba nguo zako, twende nyumbani."